Swali la Msomaji: Viyeyushi Viwili Vizuri, Mchanganyiko Mbaya

SWALI: Niliyeyusha polima (molekuli ndefu kama mnyororo) iitwayo PNIPAM katika maji baridi, myeyusho ukawa angavu kabisa. Nilipoupasha joto hadi 40°C uligeuka mweupe, na ulipopoa ukarudia hali yake. Hayo niliyatarajia. Kilichonishangaza ni kwamba nilipoongeza methanoli, ambayo peke yake huiyeyusha polima hiyo bila shida, myeyusho uliingia ukungu hata bila kupashwa joto. Je, methanoli yangu ilikuwa chafu?

JIBU: Methanoli yako haina hatia, lakini tuanze na maji. Mnyororo wa PNIPAM una sehemu mbili zisizofanana tabia: amidi, inayoshikana na maji kwa vifungo vya haidrojeni, na kundi la isopropili, lisilopatana nayo. Molekuli za maji zinazolizunguka kundi hilo hulazimika kujipanga, na mpangilio huo hupunguza entropi, yaani kipimo cha uhuru wa molekuli kujipanga kwa njia nyingi. Kwa kuwa katika hesabu ya nishati huru (ile inayoamua kama polima itabaki imeyeyuka) entropi huzidishwa na halijoto, hasara hiyo huwa nzito zaidi kadiri unavyopasha joto, hata kufikia karibu 32°C vifungo vya haidrojeni havitoshi tena kuifidia. Maji huachiliwa, nayo minyororo hujikunja na kukusanyika. Weupe uliouona ni mwanga unaotawanywa na chembe ndogo zenye polima nyingi, zinazoelea katika kimiminika ambacho karibu hakina polima. (Si kila polima hufuata njia hii: polistaireni katika saikloheksani hutengana inapopozwa.)

Kuhusu mchanganyiko, kosa lililo rahisi kufanya ni kudhani kwamba viyeyushi viwili vizuri lazima vitoe wastani mzuri. Wanakemia Winnik, Ringsdorf na Venzmer waliueleza mfumo huu wa maji na methanoli mwaka 1990. Methanoli inapoongezwa, halijoto ya kutengana, yaani ile ambapo polima hujitenga na kiyeyushi na ukungu kutokea, haipandi. Hushuka, na methanoli inapokaribia theluthi moja ya molekuli zote za kiyeyushi, huwa chini ya 0°C. Ukiendelea kuongeza hupanda tena kwa kasi, na penye methanoli nyingi utengano hauonekani kabisa.

Sababu yake bado inabishaniwa. Wapo wanaosema maji na methanoli hupendana kiasi cha kuutelekeza mnyororo. Wengine husema methanoli hujibandika kwenye mnyororo kuliko maji, na inapokuwa chache molekuli moja huunganisha sehemu mbili za mnyororo kama daraja, jambo linaloufanya ujikunje. Mimi naegemea maelezo ya pili, maana yanafafanua pia kwa nini mnyororo hukunjuka tena: methanoli ikiwa tele, kila sehemu hupata molekuli yake na daraja halihitajiki.

Kinyume chake pia kipo. PMMA, polima ya plastiki ya akriliki, haiyeyuki katika maji, na katika ethanoli tupu huyeyuka kwa shida kwenye halijoto ya kawaida, lakini huyeyuka katika ethanoli iliyotiwa maji kiasi cha asilimia 20 hivi.

Ukirudia jaribio, tayarisha neli kadhaa zenye uwiano tofauti, uzipashe joto polepole kuanzia kwenye baridi kali, na uandike halijoto ambapo ukungu wa kwanza unatokea. Zifunge vizuri: methanoli ni sumu, na ikivukizwa uwiano ulioupima hautakuwa tena ule uliouandika.