Uliza Fundi: Swichi mbili, moja ikizimwa kila kitu kinaganda

SWALI: Fundi, salaam aleikum. Sisi tuko Shimanzi, ofisi ya kliaringi, tuna seva mbili za Linux na storeji moja ya kontrola mbili, katikati kuna swichi mbili za iSCSI (njia ya seva kutumia diski za storeji kupitia mtandao). Tuliambiwa moja ikifa ya pili inashika kazi. Juzi tukazima moja kujaribu, seva zikaganda kama dakika mbili hivi, database ikakata, halafu vyote vikaamka vyenyewe na swichi bado imezimwa. Tulipoiwasha, ikasumbua tena kidogo. Aliyetufungia asema ni kawaida. Kweli? (Msomaji, Shimanzi)

JIBU: Waaleikum salaam ndugu yangu. Si kawaida hata kidogo, na hizo dakika mbili ndizo zimekuumbua. iSCSI ya Linux inakuja na replacement_timeout ya sekunde 120, yaani njia ikikatika seva yakaa kuingoja ile ile irudi, sekunde 120 nzima, ndiyo ikubali kuiambia multipathi (programu inayosimamia njia zote za kwenda storeji) kwamba hapa hakuna njia tena. Kwa mwenye njia moja sawa, angoje, atafanyaje. Wewe una mbili, wangoja nini?

Kwa hivyo failova yako, yaani njia ya pili kushika kazi, yafanya kazi ila imechelewa. Usiamini faili la konfigi, tazama namba inayotumika hasa:

cat /sys/class/iscsi_session/session*/recovery_tmo

Ukiona 120, mwizi ndiye huyo. Shusha mpaka 15 au hata 5 kwenye /etc/iscsi/iscsid.conf, lakini hapa ndipo wengi hukwama, lile faili lahusu tageti (milango ya storeji) zitakazosajiliwa baadaye, zile za zamani zinabaki na 120 zao mpaka uzibadilishe kwa iscsiadm -m node -o update, kisha utoke na uingie upya sesheni (muunganisho wa seva na storeji) moja moja, si zote pamoja tafadhali. Na kama kwenye multipath.conf kuna fast_io_fail_tmo, nayo ni muda wa kungoja, hiyo ndiyo inayoshinda. Malizia na multipath -ll, kila diski ionyeshe njia za swichi zote mbili.

Ule usumbufu wa kuwasha nadhani ni STP, ulinzi wa swichi dhidi ya lupu, yaani data kuzunguka bila mwisho. Ile ya zamani huzuia poti sekunde 30, 15 za kusikiliza na 15 za kujifunza, taa imewaka, seva yaona waya uko hai yatuma, kumbe hakuna kinachopita. Poti za seva na storeji ziweke portfast, zifunguke papo hapo bila kungoja. Waya wa swichi kwa swichi usiuwekee portfast, utaleta lupu, na kusema kweli kama kila swichi ina sabneti yake hata huo waya hauhitajiki.

Pia pima fremu kubwa: ping -M do -s 8972 kwenda storeji, kupitia kila kadi. Swichi moja ikiwa na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti ya data) 9000 na mwenzake 1500, login itapita vizuri kisha data ikwame, na utahangaika wiki nzima.

Halafu angalia nyuma ya raki. Nimeona hapa mjini swichi mbili za bei kali zimechomekwa UPS moja, stima ikipotea na betri imechoka, zote chini. Zitenganishe. Ukijaribu tena fanya usiku, bekapu iwepo, na uchomoe stima ya swichi yenyewe, kuchomoa kebo moja ya data hakutoshi.