Je, Jinsia ya Binti Yako Itaathiri Maombi Yake ya Chuo?

Ndugu, umeuliza kama binti yako, anayeomba nafasi ya shahada ya kwanza katika vyuo vya Marekani, anaweza kuachwa kwa sababu tu waombaji wa kike wamekuwa wengi mno. Katika baadhi ya vyuo binafsi jambo hilo linawezekana, na sheria ya serikali kuu haivizuii. Sheria ya mwaka 1972 inayoitwa Title IX inakataza ubaguzi wa jinsia katika elimu inayopokea fedha za serikali kuu, lakini udahili wa shahada ya kwanza katika vyuo binafsi umeachwa nje ya katazo hilo. Vyuo vingi vya umma vinabanwa nalo. Kwangu mimi hilo ni pengo linaloumiza, hasa kwa msichana aliyekesha akisoma.

Basi msiishie kutazama kiwango cha jumla cha udahili. Vyuo vingi huchapisha kila mwaka idadi ya waombaji na waliokubaliwa kwa kila jinsia, nawe unaweza kupiga hesabu mwenyewe: tuseme wasichana 6,000 wameomba na 1,200 wamekubaliwa, hiyo ni asilimia 20, wavulana 4,000 wakiomba na 1,000 wakakubaliwa, ni asilimia 25. Tofauti hiyo peke yake haithibitishi upendeleo, kwa kuwa sifa za waombaji huenda zisilingane, ila ikijirudia miaka mitatu mfululizo, mshauri binti aongeze kwenye orodha yake vyuo vya umma na vile vya uhandisi, ambako mara nyingi wasichana ndio wachache.