Mpigo mbele ya koo la hewa: swali la mwanafunzi wa utabibu

Swali: Mimi ni mwanafunzi wa utabibu. Hivi karibuni nilishuhudia mgonjwa akiandaliwa kutobolewa koo la hewa. Kabla ya kukata, daktari aliweka kidole kwenye kishimo kilicho juu ya kidari, akatulia, kisha akaagiza ultrasaundi kwa kuwa alihisi mpigo hapo. Kitabu changu hakionyeshi ateri yoyote mbele ya trakea, yaani koo la hewa. Je, huo ni ugonjwa?

Jibu: Si ugonjwa, na daktari huyo alifanya jambo ambalo ningependa kila mwanafunzi aliige. Mchoro wa kitabuni huonyesha mpangilio unaopatikana kwa watu wengi, lakini mishipa ya shingo hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kiinitete huanza na mishipa mingi kuliko itakayohitajika. Baadhi hukua, mingine hunyauka, na wakati mwingine ule uliotazamiwa kunyauka hubaki.

Mbele ya trakea kuna ateri mbili za kukumbuka. Ya kwanza ni thairoidea ima, ambayo mara nyingi hutoka kwenye shina brakiosefali, yaani ateri nene ya kwanza kutoka kwenye upinde wa aota (ateri kuu itokayo moyoni), na mara nyingine kwenye upinde huo wenyewe, ikapanda katikati ya shingo hadi kwenye tezi ya thairoidi. Hupatikana kwa watu wachache, takriban 3 hadi 10 katika kila 100, na kwa baadhi yao huziba pengo la ateri ya kawaida ya sehemu ya chini ya tezi hiyo, ambayo kwao haipo. Kwa kuwa kwa kawaida ni nyembamba, kidole huenda kisiihisi kabisa. Hatari yake iko kwenye chanzo chake: ikikatwa kwa bahati mbaya, ncha yake ya chini hujivuta na kuzama kifuani, na kuikamata huko ni kazi ngumu sana.

Ya pili ni shina brakiosefali lenyewe, ambalo kwa baadhi ya watu hupanda juu kuliko kawaida na kukatiza mbele ya trakea shingoni. Mpigo mzito kama huo ulioueleza hunifanya nilishuku hilo kwanza. Angalia pia mto unaowekwa chini ya mabega: shingo ikinyooshwa nyuma, shina hilo linaweza kuvutwa kutoka kifuani hadi mahali pa kukata. Kwa hiyo shingo ipapaswe tena baada ya mgonjwa kulazwa katika mkao wa upasuaji, hata kama ilipapaswa wodini, na kwa watoto uangalifu uongezwe.

Tundu huwekwa kati ya pete ya pili na ya nne ya trakea. Likiwekwa chini zaidi, mrija wa kupumulia unaopitishwa humo unaweza kusugua ukuta wa shina hilo siku baada ya siku hadi likatoboka, jambo ambalo hutokea mara chache lakini huua haraka. Ndiyo maana mpigo uliohisiwa huandikwa kwenye faili, na muuguzi wa zamu huelezwa kwamba damu kidogo ikionekana kwenye mrija siku au wiki chache baadaye, hata ikikoma yenyewe, daktari wa upasuaji aitwe wakati uleule.