Waya mnene usio na fyuzi

Niliachia kitufe cha stata, mota ya kuwashia injini, propela ikaendelea kuzunguka.

Ilikuwa asubuhi ya baridi hapa Minnesota, betri imekaa wiki nyingi bila chaji, nami nina hamu ya kusikia sauti ya RV-8, ndege ndogo niliyoiunda mwenyewe gerejini. Nilibonyeza, kikasikika ta-ta-ta-ta, kisha propela ikajivuta kivivu. Nikaachia. Haikusimama. Nikazima magneto zinazotoa cheche za injini, nikakata mafuta, na bado inajizungusha. Nilipozima swichi kuu ndipo ikatulia, nami nikakaa pale kwenye kiti kama dakika tano hivi, mikono mapajani.

Nilipoifungua kontakta ya stata, yaani swichi nzito inayofungwa kwa sumaku ya umeme, pointi zake za shaba zilikuwa zimegandana. Betri ikiwa dhaifu, koili, ule waya uliozungushwa unaofanya sumaku, inashindwa kuzishikilia. Zinagusana na kuachana, kila mara cheche, hadi shaba inayeyuka na kushikana. Hapo kitufe chako hakina kazi tena. Kwa hiyo ukisikia ile ta-ta-ta, acha. Usijaribu "mara moja ya mwisho". Kaiweke betri kwenye chaja, kanywe chai.

Kaka yangu ni fundi umeme wa magari kule Tanga. Nilipompigia kumweleza alicheka: "Mdogo wangu, si ni kama Corolla tu? Betri, waya, stata!" Hakukosea sana. Stata ya injini yangu, Lycoming IO-360, ya volti 12 hula ampea 200 na zaidi inapoanza kuvuta, na ndiyo maana waya wake mnene hauwekewi fyuzi, kama ilivyo kwenye magari mengi. Ila Corolla ikianza kufuka moshi unaegesha kando na kuruka nje.

Kwa kuwa waya huo hauna fyuzi, kinga yake ni kuweza kuukata umeme jirani kabisa na betri. Hapa nilikosea mwanzoni. Betri yangu iko nyuma ili kusawazisha uzito wa propela ya mbele, lakini kontakta kuu niliipanga mbele, kwenye ukuta unaotenga injini na rubani, kwa sababu nafasi ilikuwepo. Maana yake mita nne za waya zingekuwa na umeme muda wote, hata swichi kuu ikiwa imezimwa. Mzee mmoja wa pale uwanjani alichungulia mara moja tu akaniuliza, "Huu utauzima na nini?" Nikahamisha. Sasa kati ya betri na kontakta kuna kipande kifupi kuliko kiganja.

Mita hizo nne zina deni jingine. Kwa ampea 250, waya wa AWG 4 (kipimo cha unene; namba ikipungua waya ni mnene zaidi) hupoteza takriban volti 0.8 njiani, wa AWG 2 kama volti 0.5. Nikachukua AWG 2. Uzito uliongezeka, sikujali. Betri ya baridi haina volti za kugawa sadaka.

Kontakta zenyewe zinafanana kama mapacha. Ile kuu lazima iwe ya kukaa imewashwa saa nyingi. Ya stata imetengenezwa kwa sekunde chache. Ukizibadilisha, koili itaungua. Funga pia diodi, kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu, kwenye kila koili (1N4007 inatosha), mstari wake ukielekea upande wa chanya, la sivyo swichi zako zitaliwa na cheche.

Injini imekalia raba, na raba haipitishi umeme. Usipofunga mkanda mzito wa ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri, kutoka kwenye injini hadi kwenye bodi, ampea zote zile zitatafuta njia ya kurudi, na kebo ya throto iko pale pale, nyembamba, inasubiri kuwaka.

Baada ya ile asubuhi niliongeza taa nyekundu kwenye dashibodi, inayochukua umeme upande wa kutokea wa kontakta ya stata kupitia fyuzi ndogo. Huwaka nikibonyeza, huzima nikiachia. Isipozima, nazima swichi kuu kabla ya kufikiria kingine.

Na spana: kwenye betri, fungua hasi kwanza, funga hasi mwisho. Yangu bado ina alama ya kuungua.