Kuizunguka Menorca kwa wiki moja: anza kaskazini

Tulikuwa watatu: mimi, mke wangu na shemeji. Tulikodi mashua ya matanga bandari ya Mahón, Jumamosi hadi Jumamosi, na ratiba tulikuwa nayo mpaka ya saa za kula. Jumatano Ciutadella, mji wa bandari upande wa magharibi, Ijumaa jioni tumeshafunga duara. Hatukulifunga.

Menorca ni kisiwa kidogo cha Hispania katika Mediteranea, urefu wake haufiki kilomita 50, na ukiitazama ramani utajiuliza wiki nzima ya nini. Kinachokula siku ni upepo. Mimi nimekulia Lamu, kwenye kaskazi na kusi. Ukijua mwezi, umeujua upepo. Menorca hakuna adabu hiyo. Tramontana, upepo wa kaskazini unaoteremka kutoka upande wa Ufaransa, unaweza kuamka alfajiri bila hodi ukakaa siku tatu. Mizeituni mwitu ya pwani ile yote imelala upande mmoja, kama nywele zilizochanwa. Na maficho ya kaskazini ni machache: kuna Addaia, kuna Fornells, kisha mpaka Ciutadella ni miamba mitupu karibu njia nzima.

Siku mbili za kwanza bahari ilikuwa shwari kabisa, nasi tukazimalizia kusini, kwenye vihori vya mchanga mweupe, tukiogelea na kukaanga samaki. Tulipofika Ciutadella, tramontana hiyo. Nafasi ya kufunga mashua Fornells tulikwishailipia na pesa haikurudi. Tukarudi Mahón kwa njia ile ile tuliyojia.

Kwa hiyo utabiri ukikupa siku mbili tulivu mwanzoni, nenda kaskazini hapo hapo. Kusini kunangoja, maana kisiwa chenyewe kinakukinga na tramontana. (Upepo ukigeuka wa kusini mambo ni mengine: wimbi linaingia kihorini moja kwa moja na hamlali.) Acha siku mbili bila kuzipangia chochote. Juni na Septemba ni nafuu kuliko Agosti, kwa pesa na kwa nafasi.

Nanga nayo ina masharti. Chini kuna nyasi za bahari zinazoitwa posidonia, na tangu 2018 sheria ya Visiwa vya Balearic, ambavyo Menorca ni kimojawapo, inakataza kuzitilia nanga. Ukiwa omo, tazama rangi ya maji: palipo peupe ni mchanga, palipo peusi ni nyasi.

"Shem, hapo pana mchanga?" nilimuuliza kutoka kwenye usukani.

"Pana! Teremsha!"

Nilivaa miwani nikapiga mbizi kuhakikisha. Nanga ilikuwa imelala ubavu juu ya nyasi kama mtu kitandani, haikushika kitu. Tuliing'oa na kuitia upya mara tatu, jahazi la jirani likitutazama. Siku hizi simwamini mtu, napiga mbizi kila mara.

Jambo la mwisho la maji. Mediteranea karibu haipwi wala haijai. Unafunga kamba gatini ukalala, na mtu wa Lamu hapo anaona raha ya ajabu. Lakini Ciutadella wana kitu kinaitwa rissaga: mabadiliko ya ghafla ya mgandamizo wa hewa huisukuma bahari, na ile bandari nyembamba inamwagika na kujaa kwa dakika chache. Tarehe 15 Juni 2006 maji yalishuka na kupanda kwa takriban mita 4, mashua nyingi zikavunjika. Watabiri wa hali ya hewa hutoa tahadhari. Ukiisikia, usiingie, hata kama umeshalipa.

Karatasi ni suala la kawaida: leseni ya unahodha inayotambulika, cheti cha redio, na dhamana. Hiyo dhamana ndiyo ya kuangalia. Siku ya kukabidhi, mkaguzi alizunguka mashua polepole, akasimama kwenye mkwaruzo wa ubavuni karibu na tezi, akaanza kuandika. Shemeji akatoa simu: picha ya mkwaruzo ule ule, Jumamosi ya kwanza, kabla hatujafungua kamba.