Upepo wa galaksi: uliza kwanza nuru inatoka wapi

Wanafunzi wanaoanza kuchunguza gesi inayopulizwa nje ya galaksi za mbali hukimbilia kupima kasi. Mimi huwaambia watulie kwanza: nuru iliyofyonzwa inatoka wapi?

Ikiwa ni nuru ya galaksi yenyewe, gesi iliyoifyonza lazima iwe upande wetu. Mstari wa giza ambao gesi huuacha kwenye spektra (nuru iliyotawanywa kwa urefu wa mawimbi) ukisogea kuelekea bluu, gesi inatujia, yaani inaihama galaksi. Ila imefika umbali gani, spektra haisemi. Nuru ya kwaza (kiini cha galaksi kinachong'aa mno) iliyo nyuma kabisa, ikipita kando ya galaksi, hukupa huo umbali angani, lakini inakunyima mwelekeo: gesi inayotujia yaweza kuwa inatoka kwa upande wa mbele, au inaingia kwa upande wa nyuma. Hapo ndipo mkao wa galaksi unapokusaidia. Mwaka 2011 mwanaastronomia Bordoloi na wenzake, wakitumia nuru ya galaksi za nyuma, walionyesha kuwa magnesiamu hufyonza zaidi karibu na mhimili mfupi wa galaksi sahani (ule unaochomoza wima kutoka kwenye sahani), pale pale tunapotarajia upepo utokee.

Jozi ya mistari ya magnesiamu ndiyo ninayoipenda: angstromu (sehemu moja ya bilioni kumi ya mita) 2796.35 na 2803.53. Kwa galaksi yenye mhamo mwekundu (kiasi ambacho mawimbi yake yamerefuka) wa 0.7, itafute kwenye 4753.8 na 4766.0. Shimo la kwanza, yaani mstari wa 2796, likiwa 4750.6, gesi inatoka kwa kilomita kama 200 kwa sekunde. Angstromu tatu tu! Ndiyo maana mhamo wa galaksi upimwe kwa mistari ya mng'ao ya oksijeni, si kwa magnesiamu hiyo hiyo. Na angalia orodha zako za mistari: spektra za SDSS (mradi mkubwa wa kupima anga) hutumia urefu wa mawimbi katika ombwe. Ukichanganya na orodha ya hewani, unazua mwendo wa kilomita 80 hivi kwa sekunde ambao haupo.

Kisha linganisha kina. Mstari wa 2796 una nguvu mara mbili ya mwenzake. Ukiona vina vya mistari hiyo viko sawa, mstari umeshajaa, yaani gesi ikiongezeka shimo haliongezeki kina, na wingi wa gesi utaje kama kiwango cha chini tu. (Wahakiki wa majarida hawasamehi hapa.) Magnesiamu pia hung'aa yenyewe na kulifukia shimo lake, basi kagua mstari wa chuma wa angstromu 2586 (kabla ya mhamo), ambacho sehemu kubwa ya nuru yake hurudi kwa mawimbi mengine, hivyo shimo lake hubaki wazi zaidi.