Makombe 24 ya Montreal Canadiens: upendeleo wa ligi au kazi ya ofisini?

Swali: Ndugu wataalamu, salaam. Mimi ni Mkongo, nafanya kazi ghalani hapa Montreal. Wenzangu kazini hawana habari na soka. Ni hoki ya barafuni asubuhi hadi jioni, na timu yao ni moja tu, Canadiens. Wanasema ina makombe 24 ya Stanley, yaani kombe la ubingwa wa hoki hiyo. Mmoja anashikilia kwamba yalipatikana kwa upendeleo, eti ligi iliwaruhusu kuchagua vijana wa Kifaransa wa Quebec kabla ya klabu nyingine yoyote. Mwingine anasema hayo ni maneno ya watu wa Toronto. Yupi mkweli? Na kama walikuwa wababe kiasi hicho, mbona tangu 1993 hawajaligusa kombe?

Jibu: Ndugu yetu, upendeleo ulikuwepo. Ila tarehe zinamkana huyo mwenzako wa kwanza.

NHL, ligi kuu ya hoki ya Amerika Kaskazini, ilianzisha drafti ya vijana mwaka 1963: kila mwaka klabu zinapokezana kuchagua vijana ambao hawajafungwa kwa mkataba na klabu yoyote. Canadiens walipewa nafasi ya kuchukua hadi vijana wawili Wakanada wa asili ya Kifaransa kabla zamu ya kwanza haijaanza. Waliitumia mara mbili tu. Mwaka 1968 walimchukua kipa Michel Plasse, na 1969 wakawachukua washambuliaji Réjean Houle na Marc Tardif. Kisha ikafutwa, na 1970 Gilbert Perreault, kijana wa Quebec aliyekuwa gumzo la mwaka ule, akachukuliwa na Buffalo.

Sasa piga hesabu. Kombe la Mei 1969 lilikuwa la 16 kwa klabu hiyo, na hakuna hata mmoja kati ya wale watatu aliyekuwa amevaa jezi ya Canadiens katika mechi ya ligi. Houle alikuja kuwa mchezaji wa kutegemewa, lakini huwezi kumbebesha yeye na wenzake makombe yaliyoingia kabatini kabla hawajafika.

Kwa nini basi nafasi hiyo ilikaa miaka mitano bila kutumika? Kwa sababu drafti za mwanzo zilikuwa za makombo. Vijana wazuri walikuwa wameshafungwa kwa karatasi. Klabu za NHL zilikuwa zikifadhili timu za vijana, na kijana wa timu hizo alisainishwa mkataba ulioitwa Fomu C, wazazi wakiridhia; tangu siku hiyo haki ya kumchezesha ngazi ya kulipwa ilikuwa ya klabu moja tu. Bobby Orr, beki ambaye wengi humtaja kuwa bora kuliko wote, alifungwa na Boston kwa njia hiyo akiwa na miaka 14.

Hapo ndipo penye siri ya Montreal, na jina la kukumbuka ni Frank Selke. Alitoka Toronto mwaka 1946 akawa meneja mkuu, akaikuta klabu yenye nyota kadhaa lakini haina shamba la kuvunia wengine. Akajenga mtandao wa timu za vijana karibu Kanada nzima. Matunda yake ni makombe matano mfululizo, 1956 hadi 1960, rekodi ambayo haijafikiwa na yeyote. Wachezaji 12 walikuwemo katika yote matano, wakiwemo Maurice Richard na mdogo wake Henri, Jean Béliveau, Doug Harvey na kipa Jacques Plante. Harvey, ndiye beki mkuu wa kikosi kile, alikuwa mtoto wa Montreal wa upande wa Waingereza, kwa hiyo hata hadithi ya kikosi cha Wafaransa watupu haisimami.

Mpate na kisa cha Béliveau, maana kinaonyesha wenyewe walivyofanya kazi. Kijana huyo alikuwa amesaini kwamba akiingia hoki ya kulipwa, ataingia kwa Canadiens. Lakini alikuwa akichezea Quebec Aces, katika ligi ya mkoa iliyohesabiwa ya ridhaa ingawa yeye alilipwa vizuri, na hakuwa na haraka ya kuhama. Mkataba haukuvunjwa wala kutekelezwa. Canadiens wakafanya nini? Wakainunua ligi nzima na kuigeuza ya kulipwa. Béliveau akajikuta ni mchezaji wa kulipwa bila kusogea alipo, kipengele kikafanya kazi, na 1953 akasaini Montreal.

Uwanjani nako walizilazimisha sheria zibadilike. Zamani mchezaji aliyeadhibiwa dakika mbili alikaa nje dakika zote mbili, hata timu yake ifungwe mangapi. Tarehe 5 Novemba 1955 Béliveau aliifunga Boston mabao matatu ndani ya sekunde 44, wapinzani wakiwa pungufu. Msimu uliofuata sheria ikawa kwamba bao likiingia, aliyeadhibiwa kwa kosa dogo anarudi. Haikusaidia kitu: Canadiens wakachukua makombe manne zaidi mfululizo. Ukiona leo mchezaji anachomoka kwenye kibanda cha adhabu mara tu timu yake inapofungwa, chanzo chake ni hicho.

Na barakoa ya kipa nayo ina mkono wao. Tarehe 1 Novemba 1959, jijini New York, shuti la Andy Bathgate lilimpasua Plante usoni. Akashonwa, akakataa kurudi langoni bila barakoa aliyokuwa akiivaa mazoezini. Kocha Toe Blake hakuipenda, lakini timu za enzi hizo hazikuvalisha kipa wa akiba, kwa hiyo hakuwa na la kufanya. Walishinda usiku ule, wakaendelea kushinda, na mjadala ukaisha wenyewe.

Mwaka 1967 ligi iliongezwa kutoka klabu 6 hadi 12. Wengi wangetarajia nguvu ya Montreal ipungue. Meneja mkuu Sam Pollock aliona soko: klabu changa zina njaa ya wachezaji wazoefu wa leo, yeye ana ziada, na bei yake ni zamu zao za drafti za kesho. Mwaka 1970 alimpeleka mchezaji Ernie Hicke kwa klabu ya California pamoja na zamu ya Montreal ya raundi ya kwanza ya mwaka ule, akapewa zamu yao ya raundi ya kwanza ya 1971. Alijua Guy Lafleur, mshambuliaji kijana wa Quebec, atakuwa sokoni mwaka huo. Enzi hizo aliyemaliza mkiani ndiye aliyechagua wa kwanza, kwa hiyo hatari ilikuwa Los Angeles wamalize chini ya California, hapo zamu ya kwanza kabisa ingekuwa yao. Januari 1971 Pollock akawapelekea Los Angeles kiungo mzoefu Ralph Backstrom. Los Angeles wakapanda, California wakaburura mkia, Lafleur akaja Montreal, na baadaye akafunga mabao 50 au zaidi kwa misimu sita mfululizo. Kwa maoni yetu hakuna biashara ya usajili iliyopangwa vizuri kuliko hiyo katika mchezo huu.

Kikosi cha Lafleur na kipa Ken Dryden, chini ya kocha Scotty Bowman, kilichukua makombe manne, 1976 hadi 1979. Msimu wa 1976–77 kilicheza mechi 80: ushindi 60, sare 12, kufungwa 8, na nyumbani kikafungwa mara moja tu.

Kudorora kulianzia ofisini, kama ushindi ulivyoanzia ofisini. Pollock aliondoka 1978, na 1979 Bowman akahamia Buffalo huku Dryden akistaafu. Mwaka 1980 Canadiens wenyewe walikuwa na zamu ya kwanza ya drafti. Wakamchagua Doug Wickenheiser, wakamwacha Denis Savard aliyekuwa akichezea timu ya vijana hapohapo Montreal. Savard akawa nyota Chicago.

Makombe mawili ya mwisho, 1986 na 1993, ni ya kipa Patrick Roy kwa kiasi kikubwa. Lile la 1993 walishinda mechi kumi mfululizo katika muda wa nyongeza. Mechi ya pili ya fainali Los Angeles waliongoza 2–1 zikiwa zimebaki dakika 1 na sekunde 45, kocha Jacques Demers akamwomba mwamuzi apime fimbo ya Marty McSorley wa Los Angeles. Mkunjo wake ulizidi nusu inchi iliyoruhusiwa. Kama ingekuwa halali, adhabu ingekuwa ya Montreal. McSorley akatolewa, Demers akamtoa na kipa wake ili wawe sita dhidi ya wanne, Éric Desjardins akasawazisha, na muda wa nyongeza ulipoanza akafunga tena.

Desemba 1995 Roy aliachwa langoni hadi mabao tisa dhidi ya Detroit, mchezo ukaisha 11–1. Siku nne baadaye alikuwa amehamishwa Colorado, ambako alichukua kombe msimu uleule. Pengo hilo lilichukua miaka kuzibika.

Lakini usimlaumu mtu kwa kila kitu. Ligi sasa ina klabu 32, drafti inahusu kila kijana, na tangu 2005 kuna kikomo cha mishahara, hivyo huwezi kurundika nyota. Kwa bahati tupu kila klabu ingepata kombe mara moja katika miaka 32. Hadi fainali ya 2025 hakuna klabu yoyote ya Kanada iliyolichukua tangu 1993. Canadiens wenyewe walifika fainali 2021 wakafungwa na Tampa Bay mechi 4–1.

Ukimsikia mtu kazini anasema makombe ni 23, naye hajakosea: anahesabu ya NHL tu. Klabu ilianzishwa Desemba 1909, NHL ikaundwa Novemba 1917, na kombe la kwanza la Canadiens ni la 1916.